Nakala 220 za riwaya yangu ziko chini ya kitanda

Mtunzi wa Likoni: Salaam aleikum jamani. Nilichapisha riwaya kwa pesa zangu, nakala 300. Nimeuza 60, na wengi walionunua ni majirani walionionea haya. Duka moja mjini lilichukua 20 kwa mali kauli, likazificha nyuma ya atlasi za shule. Zilizobaki zimeanza kukunja majalada kwa unyevu wa bahari. Wasomaji wanapatikana wapi?

Muuza Vitabu: Pole yakhe. Duka huweka mbele kinachoulizwa, na Januari kinachoulizwa ni vya shule vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Chako nani akiulize na hakijui? Toa sura za mwanzo bure. Mwandishi Mwingereza Dickens alitoa riwaya yake ya Pickwick kwa vipande vya kila mwezi, 1836 hadi 1837. Mwanzo vilidorora, mwishoni vikiuzwa kama nakala 40,000 kwa mwezi.

Bi Mahamri: Huyo Dickens simjui, lakini kukatia hadithi pabaya nakujua. Mimi hujifungia chumbani, nazima feni, najirekodi nikisoma dakika 4, natuma WhatsApp. Shoga zangu husikiliza alfajiri wakisukuma mahamri, mikono imejaa unga, kitabu wangekishikaje? Wakitaka mwisho, wanunue. Na kila anayenunua, namba yake iandike daftarini; riwaya ya pili utaanza na hao.

Mtunzi wa Likoni: Nimerekodi jana usiku, ila adhana ya isha imeingia katikati. Nirudie?

Bi Mahamri: Wacha hivyo hivyo. Nitumie mie kwanza.