Mjadala: Kwotabeki wa chuo mwenye mrusho mbovu, anarekebishika au tunadanganyana?

Tegemeo (mleta mada):

Wadau wa michezo, hasa mlioko Marekani mnaofuatilia futiboli ya kule, naomba tulijadili hili bila ushabiki wa timu. Kila mwaka drafti ya NFL (zoezi la klabu za ligi kuu ya kule kuchagua vijana wa vyuo kwa zamu) ikikaribia, wachambuzi hawakosi kusema: kijana huyu ana nguvu, ana mbio, ana moyo, ila mrusho wake una kasoro, akipata kocha mzuri atanyooka. Klabu zinamwaga mamilioni ya dola kwa neno hilo moja, atanyooka. Swali langu ni kama kweli wananyooka.

Kwa wasioujua mchezo: kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira kila shambulizi linapoanza. Ana sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, za kuamua amrushie nani kabla hajaangushwa chini na watu wenye kilo mia na ushee. Kwa hiyo namna anavyorusha si suala la urembo.

Msimamo wangu ni huu. Kasoro ya miguu na nyonga inarekebishika. Kasoro ya njia ya mkono wenyewe, kwa kijana wa miaka 21 au 22 aliyerusha hivyo tangu utotoni, hairekebishiki katika muda anaopewa. Naomba mlishike hilo la muda, maana ndiko ninakoelekea.

Mfano wangu wa kwanza ni Tim Tebow. Akiwa chuo kikuu cha Florida alitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2007, mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa pili kuipata. Zaidi ya asilimia 65 ya pasi zake za chuo zilifika. Lakini tafuteni video mumtazame kwa ubavuni. Kabla ya kurusha, mpira unashuka hadi kiunoni, unazunguka kwa nyuma, ndipo unapanda begani. Katika mzunguko ule beki ameshajua mpira unaelekea upande gani, na yule anayekuja kwa mgongoni anaukuta mpira uko wazi, anaupiga unadondoka. Chuoni wapokeaji wake walikuwa wakiachwa wazi kiasi kwamba kasoro haikuonekana kuwa na gharama.

Mapema mwaka 2010 akajifungia na makocha. Mwezi Machi akawaonyesha maskauti, wale wasaka vipaji wa klabu, mrusho mpya: mpira umebanwa juu kifuani, mkono mfupi. Klabu ya Denver wakamchukua akiwa wa 25 kwenye drafti. Msimu wa 2011 alipokabidhiwa timu, presha ilipopanda, mkono wa zamani ukarudi. Pasi zake zilizofika msimu ule ni asilimia 46.5. Novemba walikwenda Kansas City wakashinda 17-10, naye amekamilisha pasi mbili tu kati ya nane. Mbili!

Upande wa pili yupo Josh Allen. Chuo kikuu cha Wyoming alimaliza na pasi zilizofika asilimia 56.2, klabu ya Buffalo wakamchukua wa 7 mwaka 2018, na mwaka wake wa kwanza ukawa mbaya zaidi: 52.8. Mwaka uliofuata 58.8. Mwaka 2020 akaruka hadi 69.2. Alichofanyia kazi kila likizo, akiwa na Jordan Palmer, kocha binafsi wa makwotabeki, hasa ni chini ya kiuno: mguu wa mbele unatua wapi, nyonga zinafunguka lini. Mkono wake ulikuwa mzima siku zote. Mpira ulikuwa unapotea kwa sababu mwili ulikuwa unamtangulia mkono.

Karibuni, na mwenye hoja ya kinyume asisite.

Bega Moja:

Mkuu Tegemeo, Tebow umemsimulia nusu. Januari 2012, mechi ya mtoano dhidi ya Pittsburgh, alirusha yadi 316, na mchezo wa kwanza kabisa wa muda wa nyongeza akampa mpokeaji wake Demaryius Thomas pasi iliyokwenda yadi 80 hadi mwisho. Mkono uleule mbovu.

Halafu mbona humtaji kwotabeki Philip Rivers? Mrusho wake ulikuwa wa pembeni, anasukuma mpira kama mtu anayetupa tufe. Kuna waliosema asipobadilika hatafika mbali. Hakubadilika. Akaanza mechi 240 mfululizo za msimu wa kawaida, toka 2006 hadi msimu wa 2020. Kwangu mimi huu ugonjwa wa kurekebisha kila kijana asiyerusha kama kitabu kinavyosema unaua vipaji. Watu wanalipwa kuona kasoro, basi lazima waione.

Tegemeo:

Kaka Bega Moja, kuhusu Rivers nakubaliana nawe kabisa. Mrusho wake ulikuwa na sura mbaya lakini ulikuwa mfupi. Mpira ulitoka haraka, haukupita kiunoni. Wa Tebow ulikuwa mrefu. Sura si kasoro. Kasoro ni pale mrusho unapokula muda au unapomnyima mtu uwezo wa kuupeleka mpira palepale mara kumi kati ya kumi. Kwa Rivers hakukuwa na cha kutibu.

Ile ya Pittsburgh haifutiki, ila alikamilisha pasi 10 kati ya 21. Usiku mmoja mtamu haukuzuia Denver kumleta kwotabeki mkongwe Peyton Manning Machi mwaka huohuo na kumpeleka Tebow klabu ya Jets.

Mdau wa Buffalo:

Naishi huku, nimemwona Allen kwa macho. Mleta mada, unampa kocha wa miguu sifa nyingi mno. Machi 2020 timu ilimleta Stefon Diggs, mpokeaji ambaye ukimrushia vibaya bado anashika. Brian Daboll alikuwa mwaka wake wa tatu akipanga mashambulizi, kijana ameshazijua mbinu zake. Na mwaka ule viwanja vingi vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, hakuna kelele ugenini. Ukitoa hayo yote, miguu inabaki na asilimia ngapi ya lile ongezeko? Hakuna anayejua. Tunaona mtu amepona, tunampa sifa daktari tunayempenda.

Tegemeo:

Hoja nzito hii. Diggs alisaidia, Daboll alisaidia, sibishi. Lakini tazama kilichofuata. Daboll aliondoka kwenda klabu ya New York Giants mwanzoni mwa 2022. Diggs akauzwa Houston Aprili 2024. Viwanja vilishajaa zamani. Na msimu huohuo wa 2024, bila wote wawili, Allen akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, pasi zake zikifika asilimia 63.6. Zimeshuka kutoka 69, ndiyo. Hazijarudi 52. Kile kilichobaki baada ya wasaidizi kuondoka ndicho ninachokiita marekebisho.

Mkuki wa Bondeni:

Habari zenu. Mimi si mtu wa futiboli, nafundisha riadha shule ya upili hapa Bonde la Ufa, lakini kurusha ni kurusha na nimeguswa.

Mnasema mtu mzima habadiliki mkono. Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video kwenye YouTube, hana kocha wa kumwelekeza. Kwa mkono huo akashinda michezo ya Afrika mwaka 2011. Kisha akaenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, akiwa na kocha wa huko, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Alikuwa na miaka 26. Mtu mzima anafundishika.

Wanafunzi wangu wengi huja na kosa moja: wakitua, goti la mguu wa mbele linalegea. Ukilegea pale, mbio zote ulizokuja nazo zinamwagika ardhini na mkono unabaki peke yake kufanya kazi. Mtoto atakwambia bega linauma, nawe ukimtibu bega utapoteza mwaka. Namsimamisha bila mbio, hatua moja tu, atue mguu umenyooka, arushe. Hata mkuki ukienda mita 20 sijali. Wiki nzima hivyo. Mbio zinarudi baadaye.

Lakini nikiri tofauti moja ambayo mleta mada angeweza kuitumia: mrusha mkuki anarusha peke yake, hana mtu wa kilo 120 anayemkimbilia. Nikimvuruga mwanafunzi kwa kelele tu, goti linalegea tena.

Njia Panda:

Tegemeo, umesema mkono haurekebishiki, sasa kwotabeki Aaron Rodgers utamweka wapi? Alitoka chuo kikuu cha California ameshika mpira juu kabisa, karibu na sikio, ndivyo walivyofundishwa pale. Klabu ya Green Bay wakamchukua wa 24 mwaka 2005, wakamshusha mikono hadi kifuani, mrusho ukalainika, na kufikia Februari 2011 amebeba Super Bowl, fainali ya NFL. Huo si mkono?

Tegemeo:

Ni mkono, na ndiye mtu ninayemhitaji katika mjadala huu. Alikaa misimu mitatu benchi nyuma ya Brett Favre, kwotabeki aliyekuwa akianza pale. Mitatu! Alikosea mazoezini, ambako kosa halimgharimu mtu kazi. Alipoanza kucheza mwaka 2008, mkono mpya ulikuwa umeshakuwa ndio mkono wake.

Mlinganishe na kwotabeki Anthony Richardson. Chuoni Florida alianza mechi 13 tu, na msimu wake wa mwisho, 2022, pasi zilizofika ni asilimia 53.8. Kila mtu alisema ni mali ghafi, apewe muda. Indianapolis wakamchukua wa 4 mwaka 2023, halafu wakamwanzisha mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Baada ya mechi nne amefanyiwa upasuaji wa bega. Mwaka 2024 asilimia 47.7, akawekwa benchi katikati ya msimu. Waliosema apewe muda ndio walewale waliomnyima. Hili linanikera kwa dhati, kwa sababu lawama zote zimemwangukia kijana.

Chuoni hali ni ngumu zaidi. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na humo humo mna mikutano, video, na mazoezi ya viungo. Kocha anafukuzwa kwa kushindwa Jumamosi, siku ya mechi za vyuo, hafukuzwi kwa kiwiko cha kijana kinachoshuka. Akiona mrusho mbovu unaoshinda mechi, atauacha. Kisha tunashangaa kijana anafika NFL na kasoro ya utotoni.

Mama wa Texas:

Samahani kuingilia, nyinyi mnaongelea mastaa, mimi nina kijana wa miaka 16 yuko timu ya shule, na ndugu zangu hakuna wa kumuuliza haya mambo kwa Kiswahili. Kocha wa shule anasema mwacheni alivyo, anafunga. Kocha wa kulipwa kwa saa anasema kila kitu kibadilishwe, mkono na miguu. Mwanangu akirusha, mpira unashuka chini ya kifua kwanza, kidogo kama huyo Tebow mnayemsema. Nimsikilize nani? Pesa ya saa hizo si ndogo kwetu.

Tegemeo:

Dada, asante kwa kuuliza. Kwanza mrekodi kwa simu kutoka ubavuni, mazoezini na kwenye mechi, hasa robo ya nne akiwa amechoka. Tazama kama mpira unashuka mara zote au ni akikurupushwa tu. Ikiwa ni akikurupushwa tu, anza na miguu; mara nyingi mkono unashuka kwa sababu miguu haijajipanga na mwili unatafuta nguvu kwingine. Na kocha yeyote anayetaka kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, mwogope. Kati ya Agosti na Novemba, msimu ukiendelea, asiguswe mkono kabisa. Kazi ya mkono ianze Januari.

Mkuki wa Bondeni:

Hapo kwenye mkono natofautiana kidogo na Tegemeo. Mama, kwa miaka 16 mimi ningeugusa, tena mapema, kabla hajafika chuo ambako hakuna atakayejali. Asimame bega la nyuma karibu na ukuta, nafasi kama ya shubiri mbili, arushe taratibu bila kugusa ukuta. Mkono ukizunguka mbali, ukuta utamwambia wenyewe. Halafu apige goti moja chini, arushe hivyo, ili miguu isimsaidie kuficha kosa. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha, na hazilipiwi.