DOT-117R: bamba la tangi halijaongezwa unene, usalama umeongezeka wapi?

Mwanareli:
Wakuu, habari zenu. Naomba ufafanuzi kwa wanaozijua kanuni za Marekani na Kanada za mabehewa ya tangi yanayobeba mafuta ghafi na ethanoli. Baada ya ajali ya treni ya mafuta ghafi ya Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013, aina ya zamani ya tangi, DOT-111, ilianza kuondolewa na mwaka 2015 ikaja DOT-117. Tangi jipya lina bamba la inchi 9/16, yaani milimita 14.3, la zamani lilikuwa 7/16, yaani 11.1. Hapo naelewa. Kinachonitatiza ni 117R, behewa la zamani lililofanyiwa marekebisho. Bamba lake linabaki 7/16 na bado linaruhusiwa. Usalama umetoka wapi? Pia, maandishi ya ubavuni kama DOT-117R100W na DOT-112J340W yanasomwaje?

Fundi Matangi:
Karibu, ndugu. Usilipime tangi kwa unene wa bamba peke yake. Behewa likiacha reli, mzigo hutoka kwa njia tatu: bamba linatobolewa, vali na viungio vinang'oka, au moto wa nje unalipasua tangi lililokuwa bado zima. 117R imeboreshwa katika zote tatu.

Kutobolewa kwanza. Juu ya bamba la zamani huvikwa koti la chuma la milimita 3 hivi, na mbele na nyuma ya tangi huwekwa ngao ya inchi 1/2 (milimita 12.7) inayofunika kimo chote. Sehemu hizo mbili ndizo hupigwa sana, kwa sababu mabehewa yanapobanana, kiunganishi cha behewa la nyuma huingia kama mkuki kwenye uso wa tangi la mbele. Kwa hiyo usiseme 117R ni sawa na 111. Lakini pia haifikii 117 mpya, ambayo ina vitu hivyo vyote juu ya bamba nene la chuma cha TC-128B kilichopashwa joto kiwandani ili kiwe kigumu kupasuka. Ukiwa na uamuzi wa kununua au kukodi, tofauti hiyo ina uzito wake.

Moto ndio watu wengi hawaufikirii vya kutosha. Tangi likilala katikati ya mafuta yanayowaka, sehemu iliyoguswa na kimiminika hupozwa nacho. Sehemu ya juu yenye mvuke haina cha kuipoza. Chuma cha kaboni kikifika nyuzi 600 za Selsiasi kimebaki na chini ya nusu ya nguvu zake, huku presha ndani inapanda. Tangi hupasuka pale juu hata kama vali ya usalama imefunguka inavyotakiwa. Ndiyo maana kati ya koti na bamba huwekwa blanketi la kukinga joto. Sharti lake: tangi lihimili moto wa dimbwi (wa mafuta yaliyotapakaa chini), kiasi cha nyuzi 870, kwa dakika 100, na moto wa kupuliza (mwali unaotoka kwa kasi) wa kiasi cha nyuzi 1,200 kwa dakika 30, pasipo kuachia chochote isipokuwa kupitia vali ya usalama. Dakika hizo 100 ni muda wa kuhamisha watu.

Mkaguzi wa Shehena:
Naongezea maandishi. DOT ni Idara ya Usafirishaji ya Marekani. 117 au 112 ni aina ya tangi. Herufi inayofuata ni kinga: J ni koti la chuma lenye kinga ya joto na ngao, T ni kinga ya joto isiyo na koti, S ni ngao peke yake, A ni bila hivyo vyote. R kwenye 117 maana yake limerekebishwa. Namba ya pili ni presha ya majaribio kwa pauni kwa inchi ya mraba: 100 ni kama bari 7, 340 ni kama bari 23. Tahadhari, hiyo si presha ya kusafiria! W ni tangi la kuchomelewa.

112J340W ni la gesi zilizogeuzwa kimiminika, kama propani. Kwa kawaida halina tundu chini. Vali zote ziko juu ndani ya kasha moja. Mabehewa haya ndiyo yaliyotangulia kuwekewa ngao, kinga ya joto na viunganishi visivyopandana kwenda juu, mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya milipuko kama ule wa Crescent City, Illinois, 1970.

Mwanareli:
Asanteni sana. Na viungio? Bado 117 ina vali ya chini.

Fundi Matangi:
Ndiyo, inayo, na hapo zamani palikuwa na kosa la wazi. Mpini wa vali ya chini ukigonga ardhi au reli, unazunguka na kuifungua, na tangi zima linamwaga bila hata tundu moja. Sasa mpini lazima uondolewe safarini, au uundwe usiweze kuifungua vali kwa kugongwa. Viungio vya juu navyo vina kinga yake, kwa sababu behewa likibingirika ndivyo hugusa chini kwanza.

Halafu kuna uvujaji usio na ajali yoyote. Chanzo kikubwa ni mlango wa juu wa tangi. Bolti zake zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, kwa awamu, hadi kipimo cha mtengenezaji, kisha zirudiwe, maana gasketi (kizibio cha kati ya mlango na tangi) hulegea baada ya kubanwa. Gasketi iliyobonyea au isiyofaa kwa mzigo huo ibadilishwe, usiikaze zaidi.

Mkaguzi wa Shehena:
Na usijaze hadi juu. Tangi la vimiminika lazima libaki na nafasi ya angalau asilimia 1 kwenye joto la rejea, yaani joto la juu linalotumika kukokotoa: nyuzi 46 kama halina kihami joto, 43 kama lina kinga ya joto yenye koti. Chukua tangi la lita 110,000 lenye koti, ethanoli imepakiwa kwenye nyuzi 20. Hadi 43 itatanuka kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo wakati wa kupakia acha kama lita 3,800. Ukiacha 1,100 tu kwa kudhani asilimia 1 hupimwa pale pale, mzigo utatanuka hadi ujaze tangi lote. Hapo presha inapanda haraka mno na vali ya usalama inatoa kimiminika badala ya mvuke.

Jambo moja la tarehe: kwa mafuta ghafi na ethanoli muda wa DOT-111 umekwisha, ila nchini Marekani vimiminika vingine vingi vinavyowaka bado vinaruhusiwa humo hadi Mei 1, 2029. Soma maandishi ya ubavuni kila behewa, usikubali neno la karatasi peke yake.