Chipsi zangu zinatoka nyeusi halafu tamu. Wadau, nisaidieni kabla sijafunga kibanda

KaraiNax: Habari zenu. Nina kibanda cha chipsi hapa Nakuru mjini. Wiki ya pili sasa, chipsi zinaingia kwa karai nyeupe, dakika tatu zimekuwa rangi ya chai ya rangi, na katikati hazijaiva. Ukionja kuna utamu, halafu uchungu kwa mbali. Nimebadilisha mafuta mara mbili na kijana wa kukaanga mara moja. Viazi ni Shangi safi ya Mau Narok. Tatizo ni nini?

MamaWaBahati: Umemfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya rangi ya chipsi? Anza kwa kumrudisha.

Odhis_Milimani: Viazi vitamu bila kufika Kabondo! Watu wa Homa Bay watakushtaki.

Mwalimu_Njoro: Viazi unaviweka wapi?

KaraiNax: Stoo. Mafuta ya mtungi na ya karatasi yanaweza kuleta tofauti hiyo?

Mwalimu_Njoro: Stoo ya aina gani?

KaraiNax: Ya kawaida tu, ina ubaridi kidogo.

Mwalimu_Njoro: Kidogo ni digrii ngapi, ndugu?

KaraiNax: Sawa, niseme. Ni chumba baridi, cha mtu wa samaki. Kinasoma 4. Nilinunua magunia 60 ya kilo 50 wakati wa mavuno bei ikiwa chini, nikangoja ipande. Shangi mnaijua, ukigeuka tu imechipua. Mle ndani imekaa wiki sita, haijatoa hata jicho moja, ni ngumu kama mawe. Kwa hivyo msiniambie chumba ndicho shida.

Mwalimu_Njoro: Chumba ndicho shida. Kiazi ni kiumbe hai, kinapumua. Kikisikia baridi ya 4 kinajikinga: kinavunja wanga wake kuwa sukari, maana maji yenye sukari hayagandi upesi, na sukari hulinda ngozi nyembamba za seli zisipasuke. Kwanza inatokea sukrosi, kisha kimeng'enya kiitwacho invatesi kinaigawa kuwa glukosi na fruktosi. Kwa kuwa baridi imepunguza kupumua, sukari hiyo hailiwi, inarundikana. Ukiitia kwenye mafuta ya moto inashikana na asidi za amino za kiazi, ndiyo hiyo rangi na uchungu. Kijana wako hana kosa.

ChepMolo: Kumbe! Ndiyo maana sukuma ya huku Molo mwezi wa Julai ni tamu kuliko ya Machi. Marehemu nyanya yangu alikuwa hachumi mpaka baridi ipige kwanza. Sisi tulidhani ni uvivu wa kutoka nje asubuhi. Viazi vikiwa shambani navyo havina bahati hiyo: sakitu ikishuka usiku mmoja, asubuhi majani ni meusi kama yamemwagiwa maji moto.

Deacon_K: Tamaa ya kungoja bei ndiyo imekufikisha hapo. Ungeuza kama wenzako.

KaraiNax: Deacon, wenzangu wananunua gunia bei ya dhahabu mwezi wa nne. Na nimeshalipa arubuni ya chumba cha pili, 40,000, pesa ya chama. Mke anajua nusu. Siwezi kurudi nyuma, nataka tu njia ya kukaanga.

MamaWaBahati: Nusu gani? Ya pesa au ya chumba?

Jicho_La_Tai: Mbona akaunti hii imefunguliwa Jumatatu? Wiki sita, digrii 4, chumba cha pili... Huyu ndiye mwenye chumba, anatafuta wapangaji. Admin, funga uzi.

Odhis_Milimani: Tangazo gani linasema bidhaa inaharibu chipsi? Hata wauzaji wa simu za Gikomba hawajafika hapo.

KaraiNax: Jicho, njoo saa hii uone. Nimekata kiazi kimoja cha chumba na kimoja nilichonunua sokoni asubuhi, karai moja. Cha sokoni ni njano, changu kimeshika weusi kuanzia ncha. Picha nimeweka, hiyo sufuria iliyobonyea ni ya mama mkwe.

Jicho_La_Tai: Sufuria hata mimi ninayo.

Mwalimu_Njoro: Tuendelee. Toa magunia machache, yaweke mahali penye giza (mwanga utayageuza kijani) na joto la 15 hadi 20, wiki mbili au tatu. Kiazi kitapumua, kitatumia sehemu ya sukari na nyingine itarudi kuwa wanga. Si yote. Kaanga vipande vichache kila siku nne uone. Kwa sasa loweka vipande katika maji ya moto kabla ya kukaanga, sukari fulani itatoka. Zile nyeusi kabisa usiuze: tangu 2002 Waswidi walipoionyesha, inajulikana kwamba sukari hiyo ikikutana na asparajini (mojawapo ya zile asidi za amino) kwenye moto hutoa akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, na hiyo si kitu cha kulisha wateja. Chumba cha pili mwombe mwenyewe akiweke 8 hadi 10.

KaraiNax: Hapo ndipo penye shida. Hewa ya vyumba vyote inatoka mashine moja, na upande wa pili kuna mbuta.

Odhis_Milimani: Subiri. Wateja wamekuwa wakilalamika rangi tu?

KaraiNax: ...Kuna mmoja aliuliza kama nakaangia mafuta ya samaki.

MamaWaBahati: Na kijana umempigia simu?

KaraiNax: Hapokei.