Tela la maji limepasua tairi mbili ndani ya miezi mitatu, nifunge tairi gani?

maji_chumvi

Mbukwenyi wakuu, poleni na jua.

Nina tela la ekseli moja, tairi mbili, nalivuta na Hilux. Juu nimefunga simtanki la lita 1000. Nachota kisimani upande wa Makutupora hapa Dodoma, nashusha kwa watu wanaojenga Msalato na kule ndani ndani ambako bomba halijafika. Safari nne, siku nzuri tano. Nusu ya njia ni lami ya Kondoa, nusu ni mchanga na miiba ya migunga.

Ya kwanza ilipopasuka nilisingizia mwiba. Ya pili imepasuka juzi saa nane mchana, niko kwenye lami, tanki limejaa, mwendo 80 tu. Mlio kama bomu. Madigadi limekunjamana kama kopo lililokanyagwa, na maji ya mteja yamemwagika barabarani huku watu wanaleta ndoo kukinga. Kinachoniuma, tairi ilikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kabisa! Nilinunua zilizotumika, nikachagua mwenyewe, nikaingiza kidole kwenye mifereji nikaona bado mpya.

Saizi ni 195/65R15. Nina laki nne na nusu. Mmoja ananiambia nifunge za nailoni, zenye nyuzi za nailoni ndani badala ya waya, mwingine anasema niweke tyubu ndani nisahau pancha. Fundi wa kijiweni anasema bahati mbaya tu. Nisaidieni.

kibaigwa_boy

Mkuu funga 7.50-16 za Canter umalize kesi. Tela letu la trekta linabeba magunia ya mahindi hadi sokoni Kibaigwa, mwaka wa nne hatujui pancha.

Spana 17

Kibaigwa, tela la trekta linakwenda mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, usilifananishe na la Hilux. Halafu 7.50-16 inataka rimu ya inchi 16, matundu tofauti, habu (kitovu cha gurudumu) nyingine. Atanunua tela jipya kwa mafungu.

maji_chumvi, kabla ya kukushauri nataka vitu vitatu. Kwanza, ubavuni mwa tairi iliyobaki, baada ya 195/65R15 kuna namba mbili na herufi. Ni ngapi? Pili, kuna maandishi yanayoanza na DOT, mwisho wake tarakimu nne. Kama huzioni upande wa nje, lala chini uangalie upande wa ndani, mara nyingi zinaandikwa upande mmoja tu. Tatu, unajaza upepo kiasi gani?

maji_chumvi

Nimelala chini ya tela na tochi ya simu, nimetoka na mchongoma mgongoni.

Namba ni 91H. Tarakimu nne ni 2612. Upepo naweka 32 kama wa gari dogo, maana ndiko tairi zilikotoka. Fundi huwa anapiga teke kuhakikisha.

Mtu wa Bahi

Hahahaa, geji ya teke. Kila kijiwe kinayo.

Spana 17

Sasa tunaongea. 2612 maana yake wiki ya 26 ya mwaka 2012. Tairi yako ni ya kizamani kuliko nyumba nyingi za Msalato. Kashata haijaisha kwa sababu ilikaa sana stoo au kwenye gari lisilotembea, lakini mpira umezeeka. Fanya hivi: chukua hiyo iliyobaki, ibonyeze ubavu kwa dole gumba karibu na rimu, uangalie kwenye mwanga. Utaona nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga uliokauka. Jua la Dodoma halimwonei mtu huruma, na tela linashinda nje siku nzima.

Tairi ya gari dogo inakufa kwa kuisha kashata. Ya tela mara nyingi inakufa na kashata yake. Kwa hiyo kile kidole ulichoingiza kwenye mifereji kilikuwa kinapima kitu kisicho na kesi.

Mhesabu

Naomba nichukue hapo kwenye 91. Hiyo ni namba ya uzito. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615 ikiwa na upepo kamili. Mbili ni 1,230. Maji lita 1000 ni kilo 1000, hayana mjadala. Ongeza chuma cha tela, tanki lenyewe, pampu, na najua kuna kijana anapanda juu kushika mpira.

Na zile ni tairi za gari dogo. Marekani wana kanuni kwamba tairi ya gari dogo ikifungwa kwenye tela, uzito wake unagawanywa kwa 1.1, maana tela halina springi laini na linayumba. 615 inashuka kuwa kama 559. Mbili, 1,118. Na hiyo ni ikiwa na upepo kamili ulioandikwa ubavuni, sio 32 ya teke. Tafuta mzani kaka, tuache kukisia.

dereva_mzoefu

Na ukienda kwenye mzani, usikate tela. Acha limeshikana na gari, tairi za Hilux zibaki nje, za tela zipande. Hapo unapata uzito unaokaa kwenye tairi hasa, kwa sababu sehemu ya mzigo inabebwa na gari. Nenda kwenye maghala ya mazao, ukiwakuta hawana foleni wanakupimia kwa pesa ya soda.

Bibi Alizeti

Wanangu, mimi natoa alizeti vijijini Kongwa kuleta viwandani Kizota, tela kama lake. Niliweka tyubu kwa ushauri kama huohuo. Msiniulize yaliyonikuta.

kibaigwa_boy

Mama tuambie bwana, ndiyo tunajifunza.

Bibi Alizeti

Haya. Tairi ilikuwa tyublesi, yaani isiyotaka tyubu, ya waya, wakachomeka tyubu. Ndani ya tairi ya hivyo kuna vijimistari na vinundu, na tyubu inajisugua humo kilomita hadi kilomita. Siku ya tatu, mchana, nikasimama Mbande kununua nyama. Nikagusa tairi, moto kama sufuria ya maandazi. Nikasema nitaendelea polepole. Sikufika mbali.

Kitu kingine ambacho hawakuniambia: tyublesi ikipigwa mwiba wa mgunga, mwiba unabaki umeziba pale pale, upepo unatoka taratibu, unafika nyumbani. Tyubu ikichomwa inaisha hapohapo, na uko peke yako porini na tani ya alizeti. Tangu hapo nikichomwa naacha mwiba ndani mpaka kwa fundi. Usiung'oe barabarani kwa hasira.

Spana 17

Shikamoo mama, umemaliza somo la tyubu. Tyubu ina kazi yake kwenye tairi zilizotengenezwa kwa tyubu, kama hizo 7.50-16 za kibaigwa_boy, na huwa zina flapu ya kukinga isisugane na rimu.

Kuhusu nailoni na waya: nailoni ubavu wake mgumu, inavumilia mawe na mwendo mdogo, kwa shamba safi. Ila kwenye lami, mzigo na jua, inashika joto kuliko ya waya. Kwa njia yako mimi ningefunga za waya. Kosa kubwa ni kuweka nailoni kushoto na waya kulia kwa sababu ndiyo zilizopatikana.

maji_chumvi

Nimerudi kutoka mzani. Tanki limejaa, kijana ameshuka: kilo 1,320 kwenye tairi mbili. Yaani 660 kila moja, kama uzito umegawanyika sawa. Nimekaa kimya kwenye gari kama dakika tano. Miaka miwili navuta hivi na familia iko ndani.

Sasa ninunue zipi?

Mhesabu

Tafuta zenye herufi C baada ya saizi. Hizo ni za magari ya mizigo midogo na Hiace. Una rimu za 15, kwa hiyo una njia mbili.

Ya kwanza ni 195R15C, hizi za Hiace zinazopatikana kila duka. Nyingi zimeandikwa 106/104. Namba ya kwanza ni tairi ikiwa peke yake, kilo 950. Ya pili ni zikifungwa mapacha, wewe haikuhusu. Tatizo ni urefu. Tairi yako ya sasa ina kipenyo cha kama milimita 635, hii inafika 690 hivi. Inapanda juu karibu sentimita 3. Pima nafasi kati ya tairi na madigadi tanki likiwa limejaa, springi zikiwa zimelala.

Ya pili ni 195/70R15C, 104/102. Kilo 900 kila moja, mbili 1,800, na wewe una 1,320. Kipenyo chake kama 654, yaani inapanda sentimita 1 tu. Mimi ningechukua hii. Ni adimu kidogo, itabidi uzunguke.

Spana 17

Naunga mkono ya pili. Ila tairi za C upepo wake sio 32. Soma ubavuni, zenye 8PR (daraja la uimara wa tairi) nyingi zinaandikwa PSI 65, PSI ndiyo kipimo cha upepo. Tela lililojaa linajazwa hadi huo ulioandikwa, tena asubuhi kabla halijatembea. Likishatembea upepo unapanda kwa joto. Usiupunguze, ukifanya hivyo asubuhi utakuta pungufu.

Na hapa ndipo watu wanapoharibu: rimu zako ni za gari dogo. Zigeuze uangalie ndani kama zimepigwa chapa ya uzito. Zikiwa nyembamba au zimewahi kuchomelewa, usizijaze 65. Na valvu za mpira zile za kuchomeka, mwisho wake ndiyo hiyo 65. Weka valvu za chuma.

dereva_mzoefu

Mkuu maji_chumvi, ile iliyobaki imelika wapi? Pembeni zote mbili, katikati, au upande mmoja?

maji_chumvi

Upande wa ndani, kwenye bega. Nje bado nzima. Hata iliyopasuka ilikuwa hivyohivyo, nilidhani ndivyo zilivyokuja.

dereva_mzoefu

Nilijua. Ekseli imepinda. Uzito ukizidi, ekseli inashuka katikati, tairi zinalalia ndani kwa juu, zinakula bega la ndani. Ukifunga mpya juu ya ekseli hiyo zitalika vilevile.

Pima mwenyewe, huhitaji mashine. Tela tupu kwenye sakafu iliyonyooka. Chukua futi ya fundi seremala na mtu wa kushika upande wa pili. Pima kutoka tairi hadi tairi kwa juu, halafu kwa chini karibu na ardhi. Kisha weka alama ya chaki katikati ya kila tairi, pima mbele, sukuma tela hadi alama zije nyuma, pima tena. Leta namba.

maji_chumvi

Tanki linanizuia kupima juu kabisa, nimepima kwa chini, na kwa juu nimeishia kidogo juu ya habu. Juu ni pungufu sentimita 2 na nusu. Mbele na nyuma tofauti ni milimita 3.

Spana 17

Hiyo ya juu ni mbaya. Usinyooshe kwa jeki na moto, itarudi. Badilisha ekseli, tafuta iliyokaa sawa ya gari la mizigo, na ukifungua habu badili beringi na grisi palepale. Ukiwa njiani, simama baada ya kilomita kumi, gusa habu kwa mgongo wa mkono. Ukishindwa kuuacha pale, kuna kesi.

Mtu wa Bahi

Laki nne na nusu imeshakwisha hapo jamani.

maji_chumvi

Imekwisha kweli. Nimeongea na shemeji, amenikopesha.

Mhesabu

Wakati unasubiri kazi iendelee, jaza lita 700. Ila usipende nusu tanki, maji yanacheza mbele nyuma na kulipiga tela. Kama utabeba pungufu mara kwa mara, tafuta tanki dogo lijae.

maji_chumvi

Wakuu narudi baada ya wiki tatu.

Ekseli nimebadili, imenila kuliko tairi. 195/70R15C nilizipata duka la nne, tarakimu zake ni za mwaka jana. Muuzaji alishangaa nilipoomba tochi, akaniuliza mimi ni trafiki? Rimu moja ilikuwa na ufa wa kuchomelea chini ya rangi, nikabadili zote mbili. Valvu za chuma. Geji nimenunua yangu, kila asubuhi kabla jua halijakaa napima 65.

Spea niliyokuwa nayo ni ya Hilux, matundu sita, tela lina matano. Miaka miwili natembea na spea isiyoingia popote. Hiyo nayo nimenunua.

Nimeshapiga safari zaidi ya hamsini. Habu zinagusika. Likiwa tupu linaruka sana kwenye makorongo kuliko zamani, nimepunguza mwendo. Jioni naegesha upande wa ukuta, tairi nazifunika na viroba.

kibaigwa_boy

Hongera mkuu. Ile moja ya zamani iliyobaki unauza? Nina mkokoteni wa punda hapa.

maji_chumvi

Kwa ajili ya punda nakupa bure, yeye hafiki 80. Nilikuwa nimempelekea fundi wa katambuga Majengo akaikataa, anasema za waya zinamharibia kisu.