Tupeane uzoefu: kazi ilipokumaliza, ulirudije?

Mhasibu Mstaafu Kijana
Wakuu, habari za jioni. Leo nilipanda daladala ya Mbezi kwenda Kariakoo, nimekaa dirishani, sina ugomvi na mtu. Kufika Ubungo simu ya abiria wa nyuma ikaita. Ulikuwa mlio ule ule niliokuwa nimemwekea bosi wangu wa zamani. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, moyo unagonga kama nimekimbizwa. Na kazi ile niliiacha, huu mwaka wa pili! Nilishuka Magomeni, siko nilikokuwa nakwenda, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa mpaka mapigo yakatulia.

Nilikuwa mhasibu wa kiwanda. Mnaojua kufunga hesabu za mwezi mnajua: kuanzia tarehe 25 hakuna kulala, hakuna mtoto, hakuna msiba. Nilianza kwa kusahau, nikamlipa msambazaji mmoja mara mbili. Mwishowe nikawa nafika getini asubuhi na miguu inagoma. Nasimama pale nje dakika 20, 30. Mlinzi, mzee mmoja wa Kihehe, Mungu ambariki, akawa ananitolea kiti chake cha plastiki bila kuuliza neno. Siku niliyokaa kwenye kile kiti mpaka saa nne ndiyo siku niliyoandika barua.

Naomba tupeane uzoefu. Ulijuaje kwamba umefika mwisho, na nini kilikurudisha? Nataka yako wewe, ya vitabuni ninayo tayari.

Chaki Nyeupe
Mwili hausahau, mkuu. Mimi kengele ya shule tu, hata ikiwa kwenye runinga, tumbo linakatika.

Nesi wa Zamu
Pole kaka. Mimi nipo wodi ya wazazi. Yangu haikuanza na kuchoka, ilianza na kutosikia kitu. Usiku mmoja mama alijifungua baada ya kuhangaika saa nyingi, mtoto akalia, wote chumbani wanamshukuru Mungu. Mimi nikamkabidhi mwanawe kama namkabidhi risiti. Nikaenda kunawa mikono, nikajitazama kwenye kioo, nikajiuliza: wewe ni nani? Mimi ambaye miaka sita nyuma nilikuwa nalia na kila mtoto!

Kilichonisaidia ni matroni mpya aliyekubali kunitoa zamu za usiku kwa miezi mitatu. Basi, hakuna kingine. Usingizi wa usiku, gizani, simu iko chumba kingine. Wiki ya tano hivi nikajikuta naimba nikiosha vyombo.

Tandale Damu
Samahanini, lakini haya ni maradhi ya wenye mshahara. Mama yangu anaamka saa tisa usiku kuwahi mboga Mabibo, anazungusha beseni mpaka jua linazama, miaka 22 sasa. Sijawahi kumsikia akisema kazi imemmaliza. Nyie mna kiyoyozi mnalalamika.

Nesi wa Zamu
Hujamsikia, au hana wa kumwambia? Muulize leo magoti yanamuumaje. Muulize mara ya mwisho kulala mpaka jua litoke ilikuwa lini.

Tandale Damu
Mama yangu muacheni.

Chaki Nyeupe
Umemleta wewe ndugu yangu.

Tabibu Wilayani
Tusigombane. Ngoja niseme ninachokijua kwa kazi yangu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa toleo la 11 iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, limeitaja hali hii ya kumalizwa na kazi na kuieleza kuwa inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Halikuiita ugonjwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona unachofanya hakina tija. Dada wa wodi ya wazazi ameieleza hiyo ya pili kuliko nilivyofundishwa darasani.

Tahadhari moja. Kila uchovu usiupachike kazini. Nimepokea watu waliodhani kazi imewamaliza, kumbe damu imepungua, au sukari, au ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona inakufuata mpaka kwenye sherehe na likizo. Ukiona hamu ya kila kitu imekata kwa wiki mbili na zaidi, au unawaza kujidhuru, usingoje. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, nenda useme wazi.

Kijiwe Cha Kati
Ukienda huko jioni mtaa mzima unajua umepelekwa Mirembe, hospitali ya vichaa.

Tabibu Wilayani
Na ndiyo maneno yanayowafanya watu waje kwangu wakiwa wamechelewa. Tafadhali mkuu.

Kijiwe Cha Kati
Nimekosa. Nafuta kauli.

Rejesho
Nimesoma habari za mama wa beseni la mboga nikashindwa kunyamaza. Sijawahi kuandika haya popote.

Nilikuwa afisa mikopo miaka minne, Kibaha mpaka Chalinze, na pikipiki ya ofisi. Ile mikopo mnayoiita kausha damu. Saa moja asubuhi kikao, unasomewa madeni ya wateja wako mbele ya wenzako. Mteja asipoleta rejesho, mshahara wako unakatwa. Saa nne usiku bado mko nje ya nyumba ya mtu, kikundi kizima cha akina mama mmekizuia, hakuna wa kwenda kupikia watoto mpaka hela itimie.

Siku moja tulikwenda Mlandizi kwa fundi cherehani, mjane. Alibakiza marejesho matatu tu. Tulikuwa watatu na mjumbe. Cherehani ilikuwa barazani, chini ya sindano kuna shati jeupe la shule, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Hakulia wala hakutukana. Aliniambia, "Baba, ngoja nitoe shati la watu." Akainua mguu wa cherehani, akalivuta shati taratibu, akakata uzi kwa meno, akalikunja, akaliweka mapajani. Halafu akainuka kutusaidia kuishusha kwenye ngazi, kwa sababu mwenzangu alikuwa anaishika vibaya na angeivunja.

Baada ya hapo sikuweza tena. Nilikuwa naondoka ofisini asubuhi, naegesha pikipiki kituo cha mafuta, nakaa mpaka saa sita, naandika ziara za uongo kwenye daftari. Silali. Nikilala naota ule uzi unakatwa. Wiki ya tatu, narudi jioni, nikasinzia pikipiki ikiwa mwendo. Nilizindukia kwenye shamba la mihogo, bega limetoka, raia wananimwagia maji. Hospitali wakapima presha, 170 kwa 110. Nilikuwa na miaka 29.

Niliacha. Nikaenda Lushoto kwa baba mdogo. Hakuniuliza chochote, alinipa mundu, akasema ng'ombe wawili hawa nyasi zao ni juu yako. Mwezi wa kwanza nilikata nyasi na kulala tu, saa moja jioni niko kitandani, baridi ile. Mwezi wa pili nikaanza kusikia njaa ya kweli. Mwezi wa tano nikashuka. Sasa niko stoo ya vifaa vya ujenzi, mshahara nusu ya ule, na presha imeshuka.

Mama Pacha
Jamani. Lile shati.

Kijiwe Cha Kati
Cherehani ikawaje mkuu? Usituache hapo.

Fundi Gereji
Swali ni hilo hilo. Cherehani iko wapi?

Binti wa Barafu
Mimi sina machozi ya kumlilia huyu. 2021 mama yangu alichukuliwa friji la kuuzia barafu na maji, kwa deni lililobaki laki moja na themanini. Walikuwa vijana kama yeye, na pikipiki kama yake. Mama alianguka siku ile ile. Leo nisome kwamba aliyebeba friji naye "alichoka"? Waliobebewa walichoka zaidi.

Mhasibu Mstaafu Kijana
Dada, uzi huu niliufungua watu waseme yao bila kuhukumiwa.

Binti wa Barafu
Na mimi nasema yangu.

Rejesho
Mwacheni, ana haki. Dada, pole kwa mama. Sikuandika ili nihurumiwe.

Cherehani iliuzwa mnadani wiki ile ile. Niliporudi kutoka Lushoto nilikwenda Mlandizi na laki mbili na nusu mfukoni. Nilikuta wapangaji wengine. Mjumbe ni mpya. Nimerudi mara tatu.

Kitabu cha Sheria
Poleni nyote. Naingiza jambo ambalo wengi hamlitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, huku Tanzania Bara: saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ziada inalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mwajiri haruhusiwi kukufanyisha kazi ukiwa ndani ya hizo siku. Ukiugua kwa cheti cha daktari una siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Mameneja, vifungu vya saa za kazi haviwahusu sana, lakini likizo inawahusu. Mtu anaandika barua ya kuacha kazi akiwa na siku za ugonjwa hajagusa hata moja! Pumzika kwanza kwa haki yako, ndipo uamue.

Fundi Gereji
Sheria nzuri. Nenda kaisome kwenye kile kikao cha saa moja asubuhi uone.

Pwani Moja
Mimi niko Mombasa, huku kwetu Kenya sheria ya 2007 inatoa likizo ya siku 21 za kazi. Nilizichukua zote, nikaenda Lamu kwa shangazi. Siku kumi za mwanzo niliumwa kichwa na homa, kama mwili ulikuwa unangoja ruhusa. Kwa hivyo anayechukua siku tatu akitarajia kupona asijilaumu.

Mama Pacha
Mimi nasema ACHA KAZI. Hela inatafutwa, roho haitafutwi.

Chaki Nyeupe
Usimdanganye mwenzio dada, kodi ya nyumba haitaki kujua habari za roho. Tafuta kwanza pa kushikia.

Babu Mshauri
Uji wa ulezi asubuhi, swala au sala kwa wakati, kulala saa tatu. Na ufuge kuku, wanatuliza akili.

Fundi Gereji
Mzee wangu, shikamoo. Kuku nilifuga 80 kwa ushauri kama huo. Kideri kilipita wiki moja wakabaki sita, na mimi nikarudi kwenye vidonge vya usingizi.

Babu Mshauri
Marahaba. Ungechanja mwanangu.

Binti Makunduchi
Nawasoma nikiwa Muscat, niko juu ya paa nafua, huku ni saa moja mbele yenu. Miaka mitatu kazi za ndani. Likizo siijui, Lushoto siwezi kwenda. Ninyi mmeandika kuondoka, kuondoka. Nitaandika sisi tusioweza kuondoka.

Nilifika pahala nikawa nasahau jina la mwanangu mdogo, wallahi, nampigia simu naita jina la mtoto wa hapa. Usiku ule nililia mpaka alfajiri. Tangu hapo nina kitu kimoja: robo saa baada ya alasiri, juu ya paa, sishiki nguo, sishiki simu ya mtu. Nilimwambia mama mwenye nyumba wazi kabisa, kwa adabu, "Mama, robo saa hii niachie." Nilidhani atanifukuza. Alinyamaza, siku ya pili akanipandishia kiti. Siwezi kusema nimepona. Lakini majina ya wanangu wote wanne nayataja sasa bila kukosea.

Nesi wa Zamu
Dada wa Makunduchi, umenikamata hapa kooni. Kiti tena.

Mhasibu Mstaafu Kijana
Na mimi hicho cha plastiki nimekiona mbele yangu. Kesho naenda kumsalimia yule mzee pale getini. Nitasimama upande wa pili wa barabara kwanza.

Tandale Damu
Nimempigia mama. Nimemuuliza ya magoti. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Nani kakwambia?" Jumapili nakwenda kumbebea mzigo, na Jumatatu namuomba wifi amzungushie beseni. Dada nesi, nisamehe kwa jana.

Duka la Vitenge
Rejesho, nimechelewa kuona uzi. Nina duka Mlandizi, mafundi cherehani wote wa hapa wanachukua vitambaa na nyuzi kwangu. Njoo inboksi unipe jina lake na mwaka. Fundi hahami kazi, anahama baraza tu. Kesho nikifungua naanza kuuliza.

Binti wa Barafu
Ukimpata, dada, usimwambie kwanza aliyemtuma. Muulize kama anataka kujua.

Rejesho
Sawa. Iwe hivyo. Natuma jina sasa hivi.