Maji ya ziwa yamekuwa kijani huku Igombe, nikichemsha tunaweza kunywa?

Mama Shija
Wakuu salaam. Nipo Igombe, Mwanza, karibu na mwalo wa Ziwa Victoria. Upepo umetulia, jua kali, na ukingoni kumetanda utando wa kijani unaonuka uvundo. Ukichovya ndoo inatoka imepakaa. Bomba limekauka, maji ya boza bei juu. Jirani anasema ni mwani tu: chuja kwa kanga, chemsha, weka dawa ya maji, kunywa. Ila mwanangu alioga hapo, anajikuna mpaka sasa. Nimsikilize jirani?

Mzee wa Vizimba
Usimsikilize. Nafuga sato kwenye vizimba, hayo maji nayakagua kila asubuhi kabla ya chai.

Utando huo ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na huku kwetu mara nyingi ni aina iitwayo Microcystis. Wengine hubeba sumu iitwayo maikrosistini, inayoshambulia ini. Moto unaua vimelea vya kipindupindu, lakini sumu hii haiharibiki kwa kuchemka. Tena moto unapasua seli, sumu iliyokuwa ndani inamwagika sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyokolea. Dawa ya maji nayo inapasua seli, na kipimo cha nyumbani si cha kutegemea kuimaliza. Kanga itashika utando, sumu iliyokwisha yeyuka inapita.

Mwaka 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, wanaotumia maji ya Ziwa Erie, waliambiwa wasinywe maji ya bomba na WASIYACHEMSHE. Na usidhani ni ya kwao tu: utafiti uliochapishwa 2005 uliikuta sumu hiyo hiyo Ghuba ya Mwanza.

Chovya kijiti. Kikitoka na nyuzinyuzi, huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama umekichovya kwenye kopo la rangi, kaa mbali. Kwa macho lakini huwezi kujua kama una sumu au hauna, hilo ni la maabara. Mtoto mwogeshe kwa maji safi na sabuni. Akitapika, akiharisha au macho yakiwa ya njano, hospitali. Mbuzi na mbwa nao wasinywe hapo.

Kijana wa Mirongo
Mzee unatutisha. Babu zetu wamekunywa ziwa hili maisha yao yote.

Mzee wa Vizimba
Babu zako walikunywa ziwa jingine, kijana. Enzi zao lilitawaliwa na mwani wa aina nyingine, dayatomu. Sianobakteria walishika hatamu kuanzia miaka ya 1980, baada ya naitrojeni na fosforasi kuzidi: mbolea, udongo wa mashambani, vyoo. Wewe wa Mirongo huo mto unaupita kila siku, unajua unachomwaga ziwani.

Mama Shija
Asante mzee. Na samaki je? Leo nina sato na dagaa.

Mzee wa Vizimba
Sato toa matumbo na ini, utupe, osha kwa maji safi, pika. Sumu hukaa zaidi humo kuliko kwenye mnofu. Dagaa ndiyo shida, maana tunamla na utumbo wake. Nunua wa ziwa kuu, si waliovuliwa kwenye huo utando. Samaki aliyekutwa anaelea usimguse, hata wakikupa bure. Utando ukiwa mzito oksijeni inaisha alfajiri, nami nimeshapoteza sato hivyo.

Na huyo wa boza muulize anajaza wapi. Wapo wanaorudi nyuma mpaka ukingoni hapo hapo, wanatumbukiza mpira, wanakuuzia.