Naomba ushauri: nimwonyeshe mama filamu ipi ya Die Fledermaus?

Habari zenu wapendwa. Naipenda mno Die Fledermaus, yaani Popo, operetta (mchezo wa kuchekesha wa kuimba na kuongea) ya mtunzi Johann Strauss iliyoonyeshwa kwanza Vienna mwaka 1874. Nataka mama naye aione, ila Kijerumani hajui.

Kuna Oh... Rosalinda!! ya waongozaji filamu Powell na Pressburger, ya 1955. Ni ya Kiingereza, na hadithi imehamishiwa Vienna ya baada ya vita, ilipokaliwa na majeshi ya nchi nne. Kuna pia ya Kijerumani, ya mwongozaji Otto Schenk, ya 1972, Karl Böhm akiongoza okestra. Moyo wangu uko kwa hii. Lakini vichekesho vya yule askari jela mlevi, sehemu ya tatu, ni vya kuongea tu, haimbi. Nahofia vitampita mama. Mlioziona zote, nianze na ipi?